Mwalimu aliyemwambia mfungwa afungashe

Saa mbili na nusu asubuhi, siku ya Jumatatu. Ernestine Guillory amesimama kwenye lango la gereza moja kaskazini mwa Baton Rouge, Louisiana, akisubiri askari amalize kupekua gazeti lake. Askari anafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, anautikisa, anaupapasa. Kisha anachomoa pini mbili za stepla kwenye kijitabu cha Katiba na kuziweka mezani.

"Leo kuna habari gani, Bi Ernestine?"

"Zako wewe ni za mpira tu, mwanangu. Nipe gazeti langu, watu wananisubiri."

Wanaomsubiri ni wafungwa kumi na wanne, katika chumba kilicho jirani na jiko. Harufu ya maharage mekundu inaingia bila kubisha hodi, maana Louisiana Jumatatu ni siku ya maharage, iwe uraiani au gerezani.

Somo ni Katiba ya Marekani, na Ernestine, mwenye umri wa miaka 67, analifundisha kwa namna yake. Mwanafunzi mmoja anasoma habari ya gazetini kwa sauti. Wengine wanatakiwa waseme habari hiyo "inakaa wapi" ndani ya Katiba, na watetee jibu lao. Leo ni habari ya dereva aliyesimamishwa kwa sababu ya taa mbovu, gari lake likapekuliwa hadi chini ya viti.

"Marekebisho ya Nne!" anadakia Cedric Mouton kabla msomaji hajamaliza, akitaja kipengele kinachokataza watu kupekuliwa ovyo. "Hayo nayajua kama jina la mama yangu. Yangekuwa yanafanya kazi, mimi nisingekuwa hapa."

"Acha zako, Cedric," mfungwa mwenzake anamkatiza. "Si ulikutwa umekumbatia televisheni ya watu? Hayo ni marekebisho gani?"

Darasa linaangua kicheko. Mwalimu naye anacheka, kisha anawataka warudi kwenye taa mbovu.

Mtu mmoja hachangii utani huo. Anakusanya karatasi, anagawa kalamu, anamwonyesha mwenzake mstari alioruka. Huyo ni Lionel Desormeaux, miaka 58, mfungwa wa maisha na msaidizi wa mwalimu. Ukitaka kujua kwa nini Ernestine halali vizuri, habari inaanzia kwake.

Kabla ya ualimu, Ernestine alikuwa mwandishi wa kumbukumbu za mahakama huko Opelousas kwa miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kupiga chapa kila neno lililosemwa, pamoja na kura za wajumbe kumi na wawili wa baraza, raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia.

"Nimeandika 'kumi kwa wawili' mara nyingi mno," anasema. "Wawili wanasema hana hatia, mtu anakwenda kifungo cha maisha, mimi nageuza karatasi naendelea. Kwetu Louisiana kura kumi zilitosha. Sikujiuliza."

Lionel alihukumiwa hivyohivyo mwaka 1996, kumi kwa wawili. Rufaa zake zote zilikwisha kabla mwalimu hajamfahamu. Walipokutana darasani, yeye ndiye aliyemuuliza swali ambalo Ernestine anasema lilimvua nguo: "Mwalimu, wale wawili walioniamini, wao hawakuwa watu?"

Aprili 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatoa uamuzi kwamba Marekebisho ya Sita yanataka wajumbe wote kumi na wawili wakubaliane ndipo mtu atiwe hatiani kwa kosa kubwa. Walimu walikuwa wamezuiwa kuingia gerezani kwa sababu ya korona. Ernestine alikuwa akituma masomo kwa bahasha, nakala za gazeti zenye maelezo yake pembeni.

Siku hiyo aliisoma habari akiwa jikoni kwake, amesimama. Hakumaliza. Akachukua kalamu nyekundu na kuandika pembeni mwa ukurasa wa kwanza: "Lionel, huyu ni wewe. Fungasha."

Akautuma ukurasa huo tu, kwa bahasha. Habari iliendelea ukurasa wa ndani. Huko, karibu na mwisho, ilielezwa kwamba haijaamuliwa bado kama watu ambao rufaa zao zimekwisha nao watafikiwa.

"Kila siku nawaambia wasome mpaka mwisho," anasema. "Mimi nikaishia ukurasa wa kwanza. Niliruka nikicheza jikoni kama mjinga."

Lionel alifungasha. Katika gereza hilo, anayekwenda nyumbani haondoki na kitu cha ndani. Anagawa kila alicho nacho, na akishagawa harudishiwi, kwa sababu wanaamini kuchukua tena ni kujifungia mlango kwa mkono wako mwenyewe. Lionel aligawa redio, viatu, blanketi la pili, na feni ndogo ya mezani aliyoinunua kwa ujira wa senti ishirini kwa saa.

Alimpigia simu mama yake pia, Bi Eula, huko Ville Platte. Bi Eula alinunua shuka mpya akatandika kitanda.

Mwaka mmoja ukapita. Mei 2021, mahakama ileile ikasema uamuzi wa mwanzo haurudi nyuma kuwafikia watu kama Lionel, ambao rufaa zao zilikwisha zamani. Baadaye Mahakama ya Juu ya Louisiana nayo ikakataa kuurudisha nyuma. Oregon, jimbo jingine lililokuwa na utaratibu wa aina hiyo, liliwafungulia wafungwa wake njia ya kusikilizwa upya. Louisiana imewaacha palepale walipo.

Ernestine alikuwa amesharuhusiwa kuingia. Ilibidi gazeti lenye habari ya Mei alilete yeye.

"Niliwaza nijifanye mgonjwa," anasema. "Nikaona nitakuwa mwoga mara mbili."

Alimwomba Cedric asome. Lionel akanyoosha mkono. "Nipe mimi, hiyo habari ni yangu." Alisoma yote, mpaka mstari wa mwisho. Alipomaliza aliuliza kama kawaida: "Haya, inakaa wapi?"

Ernestine alilia mbele ya wanafunzi wake kwa mara ya kwanza.

Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kikali. Bweni halina kiyoyozi. Wenzake Lionel walijaribu kumrudishia vitu vyake, akakataa vyote, na Agosti alianguka kwa joto akapelekwa zahanati. Aliyepewa feni alikuwa Cedric.

"Sikumrudishia, maana mila ni mila," Cedric anamwambia mwandishi wa makala haya. "Niliigeuza tu. Ikawa inaangalia kitanda chake. Akaniuliza, we mpumbavu, mbona unatoka jasho? Nikamwambia, mzee, lala."

Bi Eula alifariki Januari 2023. Kitanda hakikulaliwa.

Ernestine aliwahi kumwomba Lionel amrudishie ukurasa wenye wino mwekundu, auchome. Lionel alikataa.

"Ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniandikia kwamba nitatoka," anaeleza, huku akipanga kalamu kwenye kopo. "Alikosea, sawa. Lakini aliandika kwa furaha. Humu ndani hatuletewi furaha kwa bahasha."

Je, hana kinyongo? "Ninacho. Kwa mwalimu, hapana."

Kazi hii inamlipa Ernestine dola 1,900 kwa muhula, na sehemu nzuri ya hizo inaishia kwenye petroli ya maili sabini kwenda na sabini kurudi. Goti la kulia limechoka, macho nayo. Mwezi Mei anastaafu. Chuo kinachomwajiri hakikupata mtu wa kuja huku, kikakubali darasa liendeshwe na Lionel.

"Miaka sita iliyopita nilimwambia anatoka," anasema, akiangalia kioo cha gari lake kwenye maegesho. "Sasa ninayetoka ni mimi. Tena ananipongeza."

Hatakaa nyumbani. Miswada ya kuwapa watu kama Lionel nafasi ya kusikilizwa upya imewahi kufika kwa wabunge wa Louisiana, ikakwama. Akistaafu anataka kwenda kwenye kamati yao, aombe dakika zake za kuzungumza, aeleze alichokuwa akikipiga chapa kwa miaka kumi na tisa. Hotuba ameshaiandika, na ameisoma mpaka mwisho mara nyingi.

Anaulizwa analitakia nini darasa analoliacha.

"Muhula mpya unaanza Septemba," anasema. "Namwomba Mungu siku hiyo wanafunzi waingie, wakae, wangoje, na mwalimu wao asitokee, awe ameshafungasha."