Mwenye Kuanguka Anabakia

Harufu ya mikaratusi mibichi ikiungua hunikasirisha hadi leo. Wenzangu wakiisikia hukumbuka mafua na kujifukiza chini ya blanketi. Mimi hukumbuka shule ya mtaa wetu wa Katoyi, madarasa yamejaa watu waliotoka Rutshuru kwa miguu, na moshi ukitoka madirishani kwa sababu kuni kavu zilikuwa zimeadimika mjini na watu walipikia matawi yaliyokuwa bado na majani. Madawati yetu nayo yaliingia motoni, na siwalaumu walioyachoma, maana watoto wao walikuwa wakitetemeka kwa baridi. Ninayemlaumu ni yule mtu wa redio, mwenye sauti nzito na Kifaransa kilichonyooka, aliyetutangazia kila asubuhi kwamba hali imedhibitiwa. Baba yangu alikuwa karani, mtu wa upande wa Bukavu asiyependa makelele. Aliizima redio taratibu, kisha akabaki ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kuivunja na kukumbuka kwamba hana nyingine. Nami nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, shule imefungwa, sina pa kupeleka hasira zangu.

Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, imekaa juu ya mawe meusi ya volkano kama nyumba nyingi za mtaa ule, na nyuma yake kulikuwa na chumba kidogo alichokuwa akipanga mwanafunzi mmoja. Mwanafunzi alipokimbilia kwao, wazazi wangu walimpa chumba kile Mama Kasereka, mwanamke wa Kinande aliyefika kutoka Rutshuru akiwa na mtoto mgongoni, binti mdogo mkononi, na Kasereka, mwanawe mkubwa, aliyekuwa amenizidi mwaka mmoja. Mumewe alikuwa seremala kwenye misheni huko juu na alikuwa amebaki nyuma. Hakuna aliyejua atakuja lini. Mama Kasereka aliongea kidogo na kufanya kazi nyingi. Alifagia uwanja wetu kabla hatujaamka, akafua hata nguo ambazo hakuombwa afue, mpaka mama yangu akaanza kuzificha. Tuliambiwa kwamba walikuwa na koko wao, yaani mama mzaa baba, na kwamba homa ilimuua njiani walipofika Kibumba. Mama alituonya tusiulize zaidi ya hapo, nasi hatukuuliza.

Kasereka alikuja na sanduku. Watu wengine walishuka ile barabara na magodoro, na sufuria, na mbuzi. Yeye alikuwa amebeba, chini ya sufuria ya mama yake, sanduku la karatasi ngumu aliloachiwa na kijana wa Kibelgiji aliyekuwa akifundisha kwenye misheni na ambaye siku moja alichukuliwa na gari jeupe asirudi tena. Ndani mlikuwa na kitabu cha Kifaransa kilicholowa mvua na dadu za ajabu ambazo sijawahi kuziona dukani, moja ikiwa na nyuso ishirini. Ulikuwa mchezo wa kusimuliana. Mmoja anakuwa bwana wa hadithi, anawaambia wenzake mko mbele ya pango, mnasikia kitu kinapumua, mnafanya nini? Kila mmoja anasema mpiganaji wake anafanya nini, na dadu inaamua kama ameweza au ameshindwa. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka, nikasema huu si mchezo, ni uongo wenye sheria. Baada ya siku mbili ungehitaji fimbo kunitoa mezani.

Tulicheza sebuleni kwetu, tukiwa tumevua meza kitambaa cha mama cha kufuma na kuchora mapango yetu kwa chaki juu ya mbao. Wapiganaji wetu walikuwa maharagwe, na madubwana yalikuwa vijiwe vyeusi tulivyookota uwanjani. Damu ya kila mpiganaji ilikuwa punje za mahindi. Ukipigwa unatoa punje, na punje zikiisha umeanguka. Wachezaji tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu Ashuza, na Bahati wa nyumba ya jirani, aliyekuwa mwoga hata ndani ya hadithi. Haragwe langu lilikuwa jekundu lenye madoa, na nililiita Mwamikazi, yaani malkia. Alikuwa na upanga, hakuwa na mume, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia hali imedhibitiwa. Wakati ndege zilipopita na mama zetu kutuambia tukae mbali na madirisha, Mwamikazi alikuwa chini ya mlima akipasua vichwa. Sijui ningekuwaje msimu ule bila yeye.

Kasereka alisimulia vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye. Alishusha sauti mpaka tukainama mezani ili tumsikie. Alituambia kwamba ngoma ya mwami, yaani mfalme, imeibwa na jitu linaloishi chini ya Nyiragongo, na kwamba mvua haitanyesha mashambani mpaka irudishwe. Tulikwenda kuitafuta kwa siku nyingi, tukalala mapangoni, tukadanganywa na vibwengo, na mwishowe, alasiri moja ya mvua kubwa, tukaipata. Ashuza akaibeba. Jitu likaamka. Pango lilikuwa na mlango mmoja mwembamba, na mtu alipaswa kusimama hapo kulizuia ili wenzake watoke, kwa hiyo nikasema Mwamikazi anasimama. Nilisema hivyo bila kufikiri, na bado nadhani nilisema sawa. Jitu lilikuwa na nyundo. Nilitupa dadu vibaya, nikatupa tena vibaya zaidi, na punje zangu zikaisha zote mezani.

Nilingoja Ashuza na Bahati waseme wanarudi. Ashuza alifungua mdomo, lakini Kasereka alimtangulia. Alinyoosha mkono, akaliokota haragwe langu, akaliweka nje ya mstari wa chaki, pembeni, penye vumbi la meza. Akawaambia wale wawili waendelee, wako karibu na nje, watupe dadu waone kama jitu linawafuata.

Nilimpiga mkono. Nilimwambia Mwamikazi hajakufa, ameanguka tu.

“Mwenye kuanguka anabakia,” alisema. “Njo sheria.”

Nikamwambia anionyeshe kwenye kitabu, maana Kifaransa nilikisoma vizuri kuliko yeye. Akasema ukurasa ule waliuwashia moto Kibumba, kuni zilikuwa zimelowa. Nilijua anadanganya kuhusu sheria, hata kama moto ulikuwa wa kweli. Nilipokuwa mkubwa nilikutana na mtu anayeucheza mchezo ule, nikamuuliza, naye akanishangaa: aliyeangushwa hubaki hai kwa muda, na mwenzake yeyote anaweza kuitumia zamu yake kupiga magoti na kumwinua. Hiyo tu. Lakini siku ile sikuwa na ushahidi, nilikuwa na koo tu. Nilifoka. Nilimwita mwizi, nikamwita mwoga, nikamwambia kwamba nimesimama mlangoni kwa ajili yao wote na sasa wananiacha kama taka. Nililirudisha haragwe langu mahali lilipoanguka, nikalifunika kwa kiganja, nikasema sitoi mkono mpaka mtu arudi. Bahati alianza kulia. Kasereka hakupandisha sauti hata kidogo, na hilo liliniudhi kuliko yote.

“Ameanguka, hajakufa,” nikarudia. “Kwani ni kitu kimoja?”

“Mu barabara ni kitu kimoya,” akasema. “Koko naye alikuwa hajakufa.”

Barazani Mama Kasereka alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, na mtwangio ulikuwa ukigonga tangu tulipoanza kucheza, kiasi kwamba hatukuusikia tena. Tuliusikia uliponyamaza. Aliingia na mikono yake ya kijani, maji ya majani yakimchuruzika hadi viwikoni. Nilidhani atampiga mwanawe, na kwa hasira niliyokuwa nayo ningefurahi. Hakumgusa. Aliitazama meza, chaki, vijiwe, mkono wangu juu ya haragwe, kisha akavuta kiti cha baba yangu akakikalia, yeye ambaye tangu aje hakuwahi kukaa sebuleni kwetu hata alipobembelezwa. Akauliza huyu aliyeanguka yuko wapi. Niliinua kiganja nikamwonyesha. Akauliza mtu anarudije.

Kasereka alikuwa ametazama chini. Mwishowe Bahati, kamasi zikimtoka, alilisukuma haragwe lake na punje zake mbele ya mama yule, nami nikamweleza kwamba anapaswa kusema anafanya nini, kisha atupe dadu.

“Mi narudia kumuchukua,” alisema.

Alitupa dadu kama mtu anayetupa kitu kichafu. Akalipita jitu. Nilisogeza haragwe lake mpaka likagusa langu, taratibu, kana kwamba ni mimi niliyelala ndani ya lile pango. Ikawa zamu ya jitu, na bwana wa hadithi ndiye anayelitupia jitu dadu. Kasereka hakutaka. Mama yake alimsukumia dadu kwa kidole. Akatupa, ikatua juu sana, na hata Bahati aliyekuwa hajui kuhesabu vizuri alijua kwamba punje zote za mama yule zimekwenda.

Kasereka akasema haraka kwamba ile haihesabiwi, mama si mchezaji, atupe tena.

“Inahesabiwa,” mama yake akasema. “Nimeanguka. Sasa weye unafanya nini?”

Mvua ilikuwa ikipiga mabati na tulimngoja, sote wanne. Yule msimulizi wetu aliyekuwa na neno kwa kila pango na kila dubwana akatafuta neno asilipate.

“Sijue,” akasema.

“Hata miye sikujua.”

Kisha mama yake akasimulia, akimtazama Kasereka peke yake. Risasi zilikuwa nyuma yao na watu wamejaa barabara nzima, hakuna anayesimama kwa sababu anayesimama anakanyagwa. Koko alianguka, akainuliwa, akaanguka tena. Mama Kasereka alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Koko alimwambia aende, akamwambia kwa ukali, kama alivyokuwa akimwamuru alipokuwa bado bibi harusi katika nyumba yake, naye akatii. Alimlaza kando ya njia chini ya kitenge na kuwaambia watoto watembee wasigeuke. Kasereka aligeuka. Mama yake alipomaliza kusimulia aliinuka, akakirudisha kiti cha baba palepale kilipokuwa, akatoka, na baada ya muda mtwangio ukaanza tena. Ashuza, bila kuuliza zamu ni ya nani, aliliokota haragwe lake lililobeba ngoma ya mwami na kulirudisha ndani ya pango. Hatukutupa dadu tena siku ile.

Ningependa kusema kwamba hasira zangu ziliisha pale. Hazikuisha, zilikosa tu mtu wa kumkalia. Nilimtazama Kasereka, mvulana wa miaka kumi na mitatu aliyetungia madubwana na mapango sheria aliyojifunza barabarani, nikashindwa kumchukia. Nilimtazama mama yake nikashindwa pia. Baba yake alipofika wiki kadhaa baadaye, alipanda tena hadi Kibumba kumtafuta mama yake, akauliza kwenye kila nyumba iliyo kando ya njia. Wengi walikuwa wameangukia hapo, na waliozikwa walizikwa na wapita njia. Hakuna aliyemkumbuka mwanamke mmoja. Alirudi, akakaa uwanjani kwetu, akaanza kututengenezea madawati ya shule bila kuombwa. Redio iliendelea kusema yake.

Miaka imepita. Sasa ninaishi Majengo, mtaa mwingine wa mji uleule, na watoto wangu, na vita vimekuja na kuondoka na kuja tena, vikibadilisha majina lakini si njia, na barabara ya kushukia kutoka Rutshuru ni ileile. Kasereka alirudi Katoyi, akawa fundi kama baba yake. Mama yake anaishi naye. Kiharusi kilimchukua upande mmoja wa mwili na hatembei. Milio ya bunduki ilipoingia mjini mara ya mwisho, mume wangu alipata pikipiki mbili za kututoa, nami nikampigia Kasereka simu nimwambie awatoe watoto wake, watu wote wanaondoka. Nilisikia milio simuni kwake na dirishani kwangu kwa wakati mmoja.

“Watoto walienda na mama yao,” alisema. “Mama hawezi kutembea. Miye niko naye.”

Nikamwambia wanapiga mabomu mtaani kwake. Akasema anasikia. Nikamwuliza anafanya nini, akasema wamelala sakafuni wote wawili, amemwekea godoro upande wa ukuta na yeye amelala upande wa dirisha. Simu ikakatika. Walipona, ingawa dirisha na nusu ya paa vilikwenda. Jumapili ya kwanza baada ya sisi kurudi, padri alimtaja kanisani, watu wakapiga makofi, na wamama wakamwinua mkono kama mshindi. Mimi sikupiga makofi. Mume wangu aliniuliza nina nini, nikashindwa kumjibu mbele za watu, kwa hiyo najibu hapa. Sitaki Kasereka asifiwe. Nataka mtu mmoja, mmoja tu kati ya wale wenye sauti nzito, asimame mbele yake aeleze kwa nini mtoto yule alilazimishwa kumwacha koko yake akiwa hai, na kwa nini alipokuwa mtu mzima alilazimika kuwa tayari kufa ili asimwache mama yake.