Vita vya Saa Kumi kwa Mwalimu Naisiae

Mwalimu Naisiae alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Watoto wakipiga kelele, yeye alinyamaza na kuwatazama tu, mpaka aibu ikawashika mmoja mmoja. Alipostaafu alirudi kijijini Olmotonyi, kwenye nyumba aliyojenga na marehemu mumewe, akafuga ng'ombe wawili na kuku kadhaa. Majirani wakasema mama mpole kama huyu atazeeka vizuri.

Mambo yalianzia juu ya kabati. Siku moja akifuta vumbi aliteremsha boksi lililofungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na ile gemu ya kaseti ambayo mumewe aliwanunulia watoto mwaka wa tisini na sita, ya kuchomeka kwenye runinga, ina padi mbili za kuchezea na kaseti moja ya njano. Watoto wenyewe sasa ni watu wazima, mmoja yuko Dodoma, mwingine Mwanza. Naisiae hakuwahi kuigusa. Enzi zile alikuwa na madaftari ya kusahihisha. Akaichomeka kwenye TV yake ya chogo, aone tu kama imekufa. Haikuonyesha kitu. Akakumbuka watoto walivyokuwa wakifanya: akachomoa kaseti, akaipuliza kwa chini kama anayechochea moto wa kuni, akairudisha. Kioo kikawaka, muziki ukalia, na vifaru vidogo vikaanza kushuka kutoka juu kuja kubomoa ngome ya matofali. Ngome ile ilikuwa yake.

Mwezi ulipokwisha alikuwa hatua ya ishirini na mbili. Kila jioni saa kumi, akishakamua, alifunga mlango, akavuta pazia na kuketi kwenye kigoda. Na humo ndani, sauti yote aliyoibana darasani ikamtoka.

Wa kwanza kuisikia alikuwa Kandida, jirani yake mwenye duka, mama wa Kichaga ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Alikuwa amekuja kurudisha ungo. Alipofika barazani, mkono ukabaki hewani kabla haujagonga mlango.

"Toka huko ulikojificha," Mwalimu alikuwa akisema. "Nimeshakuona. Nyumba hii huigusi. Leo ndiyo mwisho wako, wewe na wenzako."

Kisha sauti ikasema, "Bado watatu."

Kandida akaweka ungo chini taratibu, akafanya ishara ya msalaba, akaondoka kinyumenyume. Asubuhi yake kila aliyekwenda dukani kununua chumvi alirudi na chumvi na habari kwamba Mwalimu Naisiae anakemea mapepo, tena anayakemea kwa hesabu.

Naisiae aliyajua hayo siku Elinaza, mama wa nyumba ya tatu, alipokuja kumwomba amwombee ng'ombe wake. Tangu Jumapili ng'ombe huyo alikuwa akipiga teke ndoo.

"Kwa nini usimwite bwana mifugo?" Naisiae akauliza.

"Bwana mifugo hana upako wako, Mwalimu. Kandida ametuambia yote."

Alipoambiwa hayo yote, Naisiae alihisi masikio yakimchoma. Kati ya kuitwa nabii na kuitwa bibi wa gemu, hakujua lipi baya zaidi, basi akamfuata Elinaza zizini. Elinaza akafumba macho kusubiri maombi. Naisiae, binti wa wafugaji, akainama, akaona kupe mnene amejibanza nyuma ya chuchu, akamng'oa. Ng'ombe akatulia. Elinaza alipofumbua macho alimkuta ng'ombe amesimama kama maji mtungini, naye akalia machozi. Naisiae akajaribu kumwonyesha kupe, lakini kuku alikuwa ameshammeza.

Baada ya hapo wazee wa kanisa wakaona habari hii ichunguzwe. Wakamtuma Mzee Nathanael Sumari, karani mstaafu, mtu wa koti na daftari hata jua likiwaka. Alifika saa kumi kasoro dakika tano.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Nimetumwa. Inasemekana hapa kuna huduma."

Naisiae aliwaza kudanganya, akashindwa. Akavuta pazia, akapuliza kaseti, akacheza hatua nzima bila kutamka neno, jasho likimtoka. Mzee Sumari alitazama bila kupepesa macho. Mwishowe akaliweka daftari lake kando.

"Na hiyo padi ya pili ni ya nani?"

"Haina mtu, Mzee."

Mzee akaishika. Mara ya kwanza alikilipua kifaru cha Naisiae. Mara ya pili akaibomoa ngome wanayoilinda wote wawili, akasema alidhani ni ya adui. Alipoaga, taarifa yake kwa wenzake ilikuwa fupi: hakuna pepo nyumba ile, ila uchunguzi unahitaji siku zaidi.

Naisiae ndiye aliyeona hawezi kuendelea hivyo. Alhamisi, kwenye kikao cha akina mama, alisimama akaeleza kila kitu, pamoja na kupe. Akina mama wakacheka mpaka chai ikamwagika. Kandida peke yake hakucheka.

"Mimi nimefunga siku mbili nikuunge mkono," alisema. "Nimekunywa maji matupu kwa ajili ya gemu?"

"Nisamehe, mama. Njoo nyumbani jioni, nitapika ngararimo ya ndizi."

Kandida alikuja, akala sahani mbili zilizojaa, huku amekunja uso. Padi hakutaka hata kuishika. Alisema akaaye karibu na uchafu naye hunuka. Akavuta kiti nyuma ya Naisiae na Mzee Sumari, akaketi kuwatazama watu wazima wakijiaibisha.

Hatua ya ishirini na nane, kifaru kimoja kikapenya ubavuni bila wao kukiona.

"Kushoto," Kandida akasema. "Mzee, kushoto. Unalinda nini huko juu na nyumba inaungua?"