Wiki Yangu ya Kuwa Mama

Wenzangu mliokulia Kibera miaka ile, hasa sisi wa Laini Saba, mtaniambia kama nadanganya. Tulipokuwa wadogo, mtoto hakufikisha miaka kumi bila kujua kuwasha jiko la makaa. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira wa makaratasi, kando ya reli, treni ikipita tunasimama pembeni tunawapungia watu mikono, halafu jua likianza kushuka kila mmoja anakumbuka kazi yake nyumbani. Kuna wa kuchota maji, kuna wa kukata mboga ya sukuma. Ukisahau, mama hakuwa wa kukuita mara mbili.

Lakini nyumbani kwetu tulizidi. Mama, mwanamke mfupi wa Kitui aliyefulia watu nguo, alikuwa na mtindo wake ambao sijauona kwa mtu mwingine hadi leo. Shule zikifungwa, alitupa wiki ya kuwa mama. Kuanzia Jumamosi asubuhi hadi Jumamosi nyingine, mmoja wetu anafungwa leso ya Mama kiunoni, anapewa ufunguo wa kufuli na chakula cha wiki nzima, na yeye ndiye anayesema nini kinapikwa, nani anaoga, nani anafunguliwa mlango. Mama mwenyewe anageuka mtoto. Akitoka kazini anaketi kwenye stuli fupi karibu na jiko na kuuliza, "Mama, leo tunakula nini?" Mara nyingine alilialia anataka mandazi, na ole wako umpe. Hata ndugu yangu Muthui alifungwa hiyo leso, uvulana wake haukumwokoa. Majirani walisema Mama hayuko sawa.

Wiki yangu ya kwanza niliiharibu vizuri sana. Nilikuwa na miaka kumi. Nikapika chapati Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, Muthui na mdogo wetu Kalondu wakanisifu, nami nikavimba kichwa. Jumanne unga hakuna, mafuta hakuna. Tukala sukuma ya kuchemsha na chumvi siku nne. Nilingoja Mama anigombeze, nikafika mahali nikatamani anigombeze. Alikula, akasema, "Asante mama," akaenda kulala. Nilimchukia wiki hiyo.

Kitu kimoja nilichokishika ni kulaza ndengu. Nyanya yetu alitutumia ndengu kwa gunia kutoka Kitui. Mama alitufundisha kuziloweka, kuzichemsha kidogo tu, kisha unaipua sufuria na kuifunga kwa blanketi nzito ziive zenyewe polepole, makaa yabaki ya kesho. Sisi tulimcheka, tukisema anazifunika zisipate homa.

Basi ikaja ile Desemba ya kura, mwaka wa 2007. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na Baba alikuwa Mombasa kikazi. Jumamosi baada ya watu kupiga kura, zamu yangu ikaanza, Mama akanifunga leso. Siku hiyohiyo akaenda Kongo, kule Kawangware, kumwona dada yake aliyejifungua. Alisema atalala siku moja tu, akamwomba Mama Achieng atutupie jicho. Mama Achieng alikuwa mtu wa upande wa ziwa, muuza omena, dagaa wa huko, na chumba chake kilipakana na chetu.

Jumapili jioni matokeo yakatangazwa. Mnakumbuka, watu waligeukiana kwa makabila. Kelele, moshi, mabati yakigongwa, barabara zikafungwa, na Mama akakwama Kongo. Kesho yake maduka hayakufunguliwa na mfereji ulikauka. Kredo ya simu nayo iliadimika, hata mwenye simu akawa kama asiye nayo. Mama alitupata mara moja tu, kwa simu ya Mama Achieng. Nililia. Nikamuuliza tukae au tuwafuate wale waliokuwa wakipita na magodoro kichwani.

"Wiki hii mama ni nani?" akauliza.

"Ni mimi."

"Basi mama akisema tukae, watoto wanakaa. Akisema twende, wanaenda. Ufunguo unao, ndengu unazo..."

Simu ikakatika. Niliudhika kweli. Mtu gani huyu anacheza mchezo wakati mtaa unaungua? Lakini hapakuwa na mwingine wa kuuliza. Nikaamua tukae, kwa sababu Mama akirudi angetutafuta pale. Maji yalikuwa mitungi miwili, kwa hivyo nikapiga kuoga marufuku, na Muthui akafurahi kuliko alivyofurahi Krismasi. Nikalaza ndengu. Kalondu, aliyekuwa na miaka mitano, akaikumbatia ile sufuria ndani ya blanketi, ikampa joto, akaacha kulia.

Jumanne saa kumi jioni Mama Achieng alibisha taratibu. Vijana walikuwa wakipita ploti kwa ploti wakiuliza nani anatoka wapi, na mtu wa ziwa hakuwa salama upande wetu. Alikuwa na mfuko wa omena mkononi na macho yamemwiva. Mwanamke mzima, aliyewahi kunichapa kwa kuchafua nguo zake kwenye kamba, aliiangalia ile leso kiunoni mwangu.

"Mwende, mama wa hii nyumba ni wewe. Una nafasi ya mtu mmoja?"

Nikamwambia aingie. Nikamwingiza chini ya kitanda na mfuko wake, nikateremsha shuka hadi sakafuni. Hazikupita dakika kumi, mlango ukagongwa kwa rungu.

"Nani yuko huku?"

Muthui alikuwa amening'ang'ania leso. Lakini mdomo ulishazoea. Nikatoa sauti ya Mama, ileile niliyoitumia kumnyima mtu mandazi.

"Hapa ni kwa mama Mwende. Watoto wamelala. Mnataka nini?"

Saa kumi jioni, jua kali, watoto wamelala. Na omena inanuka hadi nje. Nikasikia rungu likishushwa.

"Sawa, mathe," mmoja akajibu kama anayemjibu mama yake, wakaenda zao.

Mama Achieng alitoka chini ya kitanda na utando wa buibui kichwani. Alicheka mpaka akalia, tukacheka naye bila kujua tunacheka nini. Alikaa kwetu hadi mwisho wa wiki. Tulikula ndengu kwa omena mchana na jioni, na sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Ijumaa jioni Mama akafika kwa miguu kutoka Kawangware, vumbi hadi magotini. Akatuangalia mmoja mmoja, akatugusa vichwa, akamwona jirani yake ameketi kitandani. Nikaanza kufungua leso nimrudishie. Akanishika mkono. Wiki ilikuwa haijaisha. Akavuta stuli fupi, akaketi karibu na jiko, akauliza, "Mama, leo tunakula nini?"

Nikampakulia.

Siku hizi mwanangu Mutinda ana miaka kumi. Kwenye simu atakutafutia njia ya kwenda popote duniani, lakini akiingia jikoni ataniita aulize chumvi iko wapi, na chumvi inamtazama. Simlaumu. Sisi tulitumwa, tukaungua vidole, tukajifunza. Hawa tunawatolea samaki miiba, kisha tunashangaa hawajui kula samaki. Zamani mtoto mmoja alilelewa na ploti nzima, sasa naishi kwenye fleti na jirani yangu simjui jina.

Likizo iliyopita nilimfunga leso ileile, rangi imeshapauka. Jumamosi alipika chipsi. Jumapili chipsi. Jumatatu chipsi. Jumatano nilikuwa nakula kabichi ya maji, mkono unaniwasha kwenda dukani. Nikatoka nje kwenye ngazi, nikampigia Mama, ambaye siku hizi anaishi Kitui.

"Huyu mtoto ataniua na njaa," nikamwambia. "Nimsaidie kidogo tu?"

Alicheka sana. Kisha akaacha kucheka.

"Mwende, ile siku nilikupigia kutoka Kongo, ulidhani kredo iliisha?"

"Si iliisha?"

"Ilikuwepo. Nilikata mimi, machozi yalinishinda. Sikutaka mama wa nyumba asikie mtoto wake akilia."

Nikarudi ndani, nikavuta stuli, nikamaliza kabichi yangu.

"Asante mama," nikamwambia Mutinda.