Utando wa Ndege Kwenye Mashine ya Mama

Chuoni nilisomea namna ya kupaka mapanga ya injini za ndege utando wa kuyakinga yasiliwe na vumbi na mchanga. Kazi ya ndege sijaipata. Nimepata mashine ya mama ya kukoboa mpunga, pale Ipinda. Feni yake inayopuliza makapi huliwa kila msimu, mapanga yakabaki kama karatasi iliyogugunwa na panya.

Nilimweleza mama kwamba makapi ya mpunga yana ukali uleule wa mchanga, hivyo mashine yake, kimsingi, ni injini ya ndege.

"Basi ikinge," alisema. "Msimu hausubiri."

Sikuharakisha. Utando mgumu huvumilia chembe zinazopita zikisugua, lakini hupasuka zikigonga moja kwa moja. Ulio laini ni kinyume chake. Makapi ya mama yanagonga vipi? Nilijilaza kando ya feni nione, nikamwagiwa usoni. Nikaogopa joto. Nikaogopa mtetemo. Mwishowe nilipaka gundi ya kuchanganya, ile ya mirija miwili, nikaikandia mchanga laini wa ziwani.

Ikafanya kazi. Magunia kadhaa yalipita na mapanga hayakuwa na mkwaruzo. Nilipiga picha.

Kisha akaja mzee wa Kyela mjini, mwenye duka, ambaye karibu mchele wote wa mama huununua yeye. Alichota kiganja kimoja, akanusa.

"Dada, huu umeukobolea gereji?"

Mama alinusa pia, akanigeukia.

"Gundi imepata moto tu," nilisema. "Ni utando wa kinga. Kwenye ndege..."

"Kwenye ndege wananusa?"

Hawanusi. Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa harufu, na mchele wetu watu huununua kwa harufu.

"Kesho nikiikuta harufu hii tena, nahamia mashine za Makwale," mzee alisema. "Na huyu injinia mweke mbali na chakula."

"Ndaga fijo, mwanangu," mama aliniambia. Sijawahi kushukuriwa vibaya hivyo.

Nilikwangua kwa patasi hadi jioni. Utando ulikuwa bora kweli, haukutaka kutoka. Asubuhi mama alikoboa debe moja mzee akiwa amesimama pale pale. Mzee alinusa, akatafuna punje, akanusa tena, nami nikawaza vipembe vyote vya feni ambavyo patasi haikufika.

"Pakia," alisema.

Magunia yaliyonuka yalibaki nyumbani. Tunayala mpaka leo, na mama hunipakulia mimi kwanza.