Ukurasa Ambao Sikuufunua

Harufu ya makonyo mabichi ya karafuu hainitoki puani hadi leo. Ikinipata, narudi barazani kwetu Mtambile, msimu wa karafuu, nina miaka kumi na moja. Wanawake wa mtaani wamekaa jamvini wanachambua karafuu, wakizitoa kwenye makonyo yake, na mimi, kwa kuwa nasoma skuli, nimesamehewa kazi ili niwasomee hadithi.

Kitabu aliniazima mwalimu wetu. Kilimhusu Salima, binti aliyeugua kifua akalazwa mbali na mama yake. Na jirani yetu Bi Zuwena alikuwa na binti yake, Rukia, amelazwa Unguja kwa kifua hichohicho, wiki ya saba bila ya barua. Hakutaka maradhi yale yatajwe. Bibi yangu akinong'ona, "Mficha maradhi, kilio humfichua," kisha akinyamaza akimwona anakuja.

Lakini maradhi ya Salima, Bi Zuwena aliyauliza bila ya woga. Kila baada ya alasiri alikuwa wa kwanza kufika, akitaka kujua Salima kaamkaje, utadhani kalala chumba cha pili. Daktari wa kitabuni, Bi Zuwena alimkaripia kwa jina lake. Siku Salima aliposhindwa kula, yeye alirudisha sahani yake ya mihogo.

Niwaambieni siri: kwa pupa ya kitoto, nilikuwa nimeshasoma mbele. Salima alikuwa anakufa.

Siku ilipofika zamu ya mahali pale, mikono ya Bi Zuwena ilisita juu ya karafuu. Nilifika mwisho wa ukurasa, na kifo kilikuwa upande wa pili. Sikuufunua. Nilikaza macho palepale nikatunga: homa imeshuka, Salima kaomba maji, kisha kaomba kurudi kwao. Bi Zuwena alishusha pumzi, akaendelea kuchambua.

Siku tisa baadaye zikaja habari kuwa Rukia amefariki.

Niliamini nimemhadaa mama wa watu asijiandae na msiba wake. Matanga yalipokwisha, nilikwenda skuli kwa njia ya nyuma ili nisipite mlangoni pake. Mpaka asubuhi moja mama alinipa bakuli la uji nimpelekee. Nilimkuta peke yake, macho makavu. Watu walisema hajatoa chozi tangu habari zifike.

"Kaa kitako, mwanangu," akaniambia. "Siku ile hukufunua ukurasa."

Nilianza kuomba radhi, akanizuia kwa mkono. Akasema alijua palepale. Alitaka tu kusikia mtu akitamka kuwa binti kapona.

"Sasa kalete kitabu. Unisomee kama kilivyoandikwa."

Nilikimbia nikakileta. Nilisoma mpaka Salima alipokata roho, mama yake angali njiani. Akaniambia nirudie. Mara ya tatu alijifunika kanga usoni, akaanza kumlilia Salima. Katikati ya kilio nikasikia jina limebadilika.

Miaka mingi nilidhani wapenda hadithi ni watu wanaosahau kuwa hadithi ni za kutungwa. Nilikuwa mtu mzima, nimeshazika wangu, nilipoelewa kuwa Bi Zuwena hakusahau hata kidogo. Msiba wake mwenyewe haukuwa na pa kuanzia. Alianzia kwenye msiba wa mtu ambaye hakuwahi kuwapo.