Jiwe la Kufulia

Nilikulia Namakwekwe, Mbale, nikifua nguo juu ya jiwe la kaburi la babu yangu. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kulizungukazunguka.

Babu alikuwa Mnubi, askari wa zamani, akazikwa Jinja, kwenye makaburi ya Waislamu upande wa Kimaka. Serikali ya wanajeshi, ambayo Wanubi walihesabiwa kuwa watu wake, ilipoanguka, watu wenye hasira walipita makaburini wakisoma majina na vyeo, kisha wakaenda kutafuta nyumba za ukoo. Mama aling'oa jiwe la baba yake, dogo tu, la saruji laini, akalifunga ndani ya godoro tukakimbilia Mbale. Kulivunja hakuweza. Alililaza uani, maandishi chini, akasema ni la kufulia.

"Hii jiwe hakuna kugeuza," alituonya.

Mimi niligeuza. Nilikuwa na miaka kumi na moja, mvivu wa kufua hakuna mfano, na niligundua kuwa zile herufi zinatoa uchafu wa kola upesi. Mama akienda sokoni nageuza, nasugua weee, kisha nalirudisha. Nilifanya hivyo miaka mitatu.

Mwaka jana wazee wa msikiti mmoja wa Jinja walianza kuorodhesha makaburi ya zamani ili wayajengee ukuta. Kaburi lenye jina lingehifadhiwa. Lisilo na jina, mahali pake pangezikwa wengine. Mama, ambaye sasa haoni vizuri, alilifunga jiwe kwa kanga mpya tukapanda gari. Njia nzima alilipakata mapajani. Nilidhani ni furaha, nikazidi kujichukia.

Pale makaburini mzee wa orodha alilimwagia jiwe maji, akalipaka mkaa, akaliinamia mpaka kofia ikamdondoka.

"Mama, hapa haisomeki kitu."

"Ni mimi," nikasema. Machozi yalikuwa yananitoka kabla sijamaliza. "Mama, nilikuwa naligeuza."

"Mi najua," alijibu, bila hata kunigeukia. "Nguo yako ilikuwa inatoka safi sana. Mi iliona, ikanyamaza. Mi ilitaka hiyo jina iishe, watu wasijue nyinyi ni watoto ya nani."

Mzee alimuuliza kaburi lenyewe ni lipi. Mama alitembea huku na huku kwenye majani, akipapasa kwa mguu. Mahali pote palikuwa sawa. Alisimama, akasema hajui.

"Basi taja jina tu," mzee akasema kwa upole. "Tutaandika kwa kitabu."

Mama alitazama kwanza barabarani, kisha nyuma yake, akanong'ona. Mzee hakusikia. Akanong'ona tena, chini zaidi.

Nikalitaja mimi, kwa sauti, pamoja na cheo, kama nilivyokuwa nikilisoma kwenye povu. Mama akanifinya mkono ninyamaze.