Boneti Juu

Juzi, nje ya duka moja hapa Missouri City, nilikuta gari jekundu la kizamani, boneti juu, injini inang'aa kuliko sufuria za mama. Harufu yake ya petroli ikanirudisha kwenye maonyesho ya magari niliyopelekwa na baba, tulipokuwa wageni kutoka Tanga.

Baba alifanya kazi kule Dallas, mbali na sisi, akaja kunitembeza siku hiyo moja tu. Magari yalipangwa safu kwa safu, yote boneti wazi. Kwetu, gari la namna hiyo limekufa. Nikawapitia wenyewe, wazee waliokaa kwenye viti vya kukunja, nikimpa kila mmoja mkono. "Pole, babu. Pole sana."

Baba alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwanangu, hayajaharibika! Wanayaringia tu!"

Sikumwamini hata kidogo. Tuliporudi, akiwa ndani anamuaga mama arudi Dallas, nilipanda juu ya ndoo nikainua boneti ya gari lake, nikaiegemeza kwenye kile kijiti chake. Kisha nikakaa kizingitini, tayari kumpa pole.

Baba alitoka, akaitazama boneti, akanitazama mimi. Safari hii hakucheka. Aliishusha taratibu, akanishika kichwa, akaondoka.

Juzi mzee wa gari jekundu aliniuliza kama nimelipenda. Mimi, ninayetolewa darasani kila wiki kwa mdomo wangu, nilimpa mkono tu. 

"Pole, babu," nikamwambia.